Serge Elisséeff na Masharti ya Kuhitimu katika Kijapani

Utangulizi

Kila chuo kinachofundisha lugha hufikiwa na siku ambapo wakufunzi wake huketi kuyapitia upya masharti ya kuhitimu. Siku hiyo huulizwa maswali ambayo kwa kawaida hayaulizwi darasani. Mwanachuo atakayepewa cheti cha lugha fulani anapaswa kujua nini? Asome vitabu vya kale au magazeti ya leo? Aandike tu, au pia aseme? Ajue lugha hiyo peke yake, au pamoja na lugha nyingine zilizoilea? Aghalabu maswali haya hujibiwa upesi mno. Kila mkufunzi huja na jibu alilolibeba tangu alipokuwa mwanafunzi: yale aliyotahiniwa yeye hudhani kuwa ndiyo elimu yenyewe.

Sisi pia tumepata kuketi katika kikao cha namna hiyo, chuoni petu, tulipoyapitia masharti ya somo la Kiswahili kwa walimu wanafunzi. Tuliongeza karatasi ya pili ya sarufi, tukapunguza saa za mazungumzo na masimulizi. Hoja yetu ilikuwa kwamba masimulizi mwanachuo huyapata mwenyewe nje ya darasa. Mwaka uliofuata tuliwatembelea wanachuo hao katika mazoezi ya kufundisha. Tukawakuta baadhi yao wakizitaja ngeli zote bila kukosa, lakini wakishindwa kuwasimulia watoto wa darasa la pili hadithi fupi ikaeleweka. Kosa lilikuwa letu, si lao.

Katika kutafuta chanzo cha kosa hilo tulisoma habari za watu waliopata kuweka masharti ya kufundisha lugha katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Hakuna aliyetufaa zaidi ya Serge Elisséeff, Mrusi aliyejifunza Kijapani Tokyo, kisha akaweka msingi wa ufundishaji wa lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Maisha yake yanaonyesha jinsi masharti ya kuhitimu yanavyozaliwa, yanavyofaa, na yanavyofikia siku ya kurekebishwa.

Utoto na safari ya Tokyo

Serge Elisséeff alizaliwa St Petersburg mnamo Januari 1889. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wakubwa, na maduka yao ya vyakula na mvinyo yalijulikana kote Urusi. Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kuishi bila kuhangaika. Yeye lakini alivutiwa na uchoraji na masomo, na tangu ujana wake akaanza kuipenda sanaa ya nchi za Mashariki.

Alishauriwa na Sergei Oldenburg, mtaalamu mashuhuri wa masomo ya Mashariki, ajielekeze kwenye Japani. Ushauri huo ulikuwa na maana kubwa kwa wakati wake. Urusi na Japani zilikuwa zimepigana vita mwaka 1904 na 1905, na Urusi ikashindwa. Wengi katika nchi iliyoshindwa walitaka kuisahau Japani. Oldenburg aliona kwamba huo ndio hasa wakati wa kuisoma.

Mwaka 1907 Elisséeff alikwenda Berlin, Ujerumani, akaanza Kijapani na Kichina. Huko alikutana na Shinmura Izuru, Mjapani aliyekuwa masomoni Ulaya. Huyu ndiye Shinmura ambaye baadaye aliihariri kamusi kubwa iitwayo Kojien, iliyotoka mwaka 1955. Shinmura alimpa barua ya kumjulisha kwa Profesa Ueda Kazutoshi wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, Elisséeff aliivuka Siberia kwa gari moshi na kuingia Japani akiwa na barua hiyo, Kijapani kidogo cha darasani, na fedha za kutosha za baba yake. Hatupaswi kulificha hilo la fedha, kwa sababu liliathiri namna alivyojifunza.

Idara aliyoikuta

Ili tuelewe masharti aliyokutana nayo, yafaa tuieleze kwa ufupi idara yenyewe. Elimu ya lugha ya Kijapani katika chuo kikuu ilikuwa bado changa. Kwa karne nyingi msomi wa Kijapani alipimwa kwa ujuzi wake wa maandiko ya Kichina. Lugha ya nyumbani ilihesabiwa kuwa kitu ambacho kila mtu anacho, kisichohitaji mwalimu. Mwaka 1886 kazi ya kufundisha isimu na lugha ya Kijapani katika chuo kikuu hicho alipewa Mwingereza, Basil Hall Chamberlain, ambaye mwaka 1882 alikuwa ametoa tafsiri ya Kojiki, kitabu cha kale kuliko vyote vya Kijapani vilivyosalia. Baadhi yetu twaweza kushangaa kwamba Wajapani walifundishwa lugha yao na mgeni. Wao hawakuona aibu. Walichukua kwake mbinu ya uchunguzi, kisha wakaiendeleza wenyewe.

Mmoja wa wanafunzi wa Chamberlain alikuwa Ueda Kazutoshi. Ueda alipelekwa Ujerumani mwaka 1890 kusoma isimu, akarudi mwaka 1894 na kuwa profesa. Alishikilia kwamba lugha inayosemwa na watu walio hai ni jambo la kuchunguzwa kwa makini sawa na maandiko ya kale. Alitaka pia taifa liwe na lugha moja sanifu itakayofundishwa shuleni. Pembeni yake alikuwapo Haga Yaichi, aliyeifundisha fasihi ya Kijapani kwa utaratibu wa kuchambua matini aliousoma Ujerumani.

Basi Elisséeff aliingia katika idara ambayo imetoka kuyabadili masharti yake kwa muda usiozidi kizazi kimoja. Ndani yake mlikuwa na mivuto miwili: ule wa matini za kale, na ule wa lugha iliyo hai. Tuikumbuke mivuto hiyo miwili, maana itarudi mbele.

Masomo ndani ya darasa na nje yake

Chuo hicho hakikuwa kimezoea kumpokea mtu wa Ulaya kama mwanafunzi wa kawaida, mwenye kuhudhuria mihadhara yote na kufanya mitihani yote pamoja na wenyeji. Elisséeff alikubaliwa kwa msaada wa Ueda. Mihadhara ilitolewa kwa Kijapani. Matini zilikuwa za karne nyingi zilizopita. Na nyingine ziliandikwa kwa Kichina kinachosomwa kwa utaratibu wa Kijapani. Mwandiko wenyewe ni wa namna mbili zilizochanganyika: alama za sauti ziitwazo kana, na maelfu ya herufi zilizotoka Uchina ziitwazo kanji. Kijana wa Kijapani alifika chuo kikuu akiwa amezisoma herufi hizo tangu utotoni. Mrusi huyu alilazimika kuifidia miaka yote hiyo kwa mara moja.

Aliajiri walimu wa faragha, akasoma nao nyumbani kabla na baada ya mihadhara. Wakati huohuo alijitosa katika maisha ya mji. Alihudhuria tamthilia za kabuki kwa upenzi mkubwa, akajifunza kuzitambua sauti na mikao ya waigizaji. Miaka mingi baadaye, mwaka 1933, alitoa kitabu juu ya tamthilia hiyo pamoja na mchoraji Alexandre Jacovleff. Aliingia pia katika kundi la vijana waliokuwa wakikusanyika kila Alhamisi nyumbani kwa Natsume Soseki, mwandishi aliyekuwa akisomwa kuliko wote wakati ule. Huko hakukuwa na mtihani wala alama. Kulikuwa na mazungumzo, mizaha, mabishano juu ya vitabu vipya, na lugha ya watu wanaojuana. Mgeni aliyekaa katika mikeka ile kwa miaka kadhaa alijifunza mambo ambayo hayamo katika muhtasari wa chuo chochote.

Mwaka 1912 alihitimu, baada ya kuandika tasnifu kwa Kijapani juu ya Basho, mshairi wa karne ya kumi na saba. Akawa mtu wa kwanza kutoka nchi za Magharibi kuhitimu chuoni hapo katika fasihi ya Kijapani kwa masharti yaleyale ya wenyeji. Aliendelea na masomo ya juu huko hadi mwaka 1914, kisha akarudi kwao.

Hapa twaomba msomaji atue kidogo. Elimu ya Elisséeff ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa ya darasani: matini, sarufi ya kale, Kichina, tasnifu. Hii ilimgharimu usingizi, na ndiyo iliyoandikwa katika cheti. Nusu ya pili ilikuwa ya mitaani, ya ukumbi wa tamthilia na ya nyumba ya Soseki. Hii ilimjia pamoja na furaha ya ujana, na hakuna aliyeiandika popote.

Gereza na kuikimbia nchi

Huko Petrograd, kama mji wake ulivyokuwa ukiitwa wakati ule, Elisséeff alianza kufundisha Kijapani katika chuo kikuu. Mapinduzi ya mwaka 1917 yaliufilisi ukoo wake. Mali ilitaifishwa, njaa na baridi vikaingia katika nyumba iliyokuwa haijui shida. Aliendelea kufundisha hata hivyo. Mwaka 1919 alikamatwa na kushikwa kama mateka kwa siku kadhaa, kisha akaachiliwa. Mwaka 1920 yeye, mkewe Vera na watoto wao wawili wadogo walitoroka kwa mashua hadi Ufini. Watoto hao, Nikita na Vadime, wote wawili walikuja kuwa wasomi Ufaransa: wa kwanza katika historia ya nchi za Kiarabu, wa pili katika sanaa za Asia.

Habari za masaibu hayo Elisséeff aliziandika katika kitabu kilichotoka Japani mwaka 1921. Alikiandika kwa Kijapani. Mtu aliyeponea chupuchupu, asiye na nchi wala mali, alipotaka kueleza yaliyompata aliielekea lugha aliyojifunza ukubwani, akawaandikia watu wa nchi hiyo. Hatuoni kipimo kikubwa zaidi cha umilisi wa lugha.

Paris

Kuanzia mwaka 1921 aliishi Paris. Alifanya kazi ya ukalimani katika ubalozi wa Japani, akafundisha katika vyuo vya mji huo, na akaandika. Mwaka 1923 alitoa kitabu juu ya uchoraji wa Kijapani wa siku zile, na mwaka 1924 akatoa mkusanyiko wa hadithi fupi tisa za Kijapani katika Kifaransa. Hadithi hizo zilikuwa za waandishi wa wakati wake. Yaani katika miaka hii alikuwa bado mtu wa nusu zote mbili: mjuzi wa matini za kale, na msomaji wa waandishi waliokuwa bado hai. Mwaka 1931 alipata uraia wa Ufaransa.

Harvard na masharti yake

Mwaka 1928 ilianzishwa Taasisi ya Harvard-Yenching kwa fedha zilizoachwa na Charles Martin Hall, Mmarekani aliyetajirika kwa kuvumbua njia rahisi ya kupata madini ya alumini. Taasisi hiyo ilikusudiwa kuendeleza masomo ya Asia, na ilihitaji msomi wa kuiongoza. Paul Pelliot, bingwa wa Ufaransa katika masomo ya Uchina, alimpendekeza Elisséeff. Alikwenda kuhadhiri Harvard mwaka 1932, na mwaka 1934 akahamia huko kuwa profesa na mkurugenzi wa kwanza wa taasisi hiyo. Mwaka 1936 lilianzishwa jarida la masomo ya Asia ambalo hadi leo linaendelea kutoka, na mwaka 1937 ikaundwa idara ya lugha za Mashariki ya Mbali chini yake.

Wakati ule vyuo vikuu vya Marekani vilivyofundisha Kijapani vilikuwa vichache mno, na hakukuwa na kipimo kilichokubaliwa cha nani aitwe mjuzi wa lugha hiyo. Elisséeff alikiweka kipimo hicho, na alikiweka juu. Mwanafunzi wa masomo ya juu ya Japani alitakiwa ajue na Kichina. Alitakiwa aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti juu ya Asia ilikuwa katika lugha hizo. Alitakiwa aishike matini ya asili, aitafsiri, na kuifafanua neno kwa neno, bila kujificha nyuma ya tafsiri za wengine.

Tusiyadharau masharti haya kwa kuyaona magumu. Edwin Reischauer, aliyekuwa mwanafunzi wake Paris na Harvard, alipata shahada ya uzamifu mwaka 1939 kwa kuishughulikia shajara ya Ennin. Ennin alikuwa mtawa wa Kibuddha wa Japani aliyesafiri Uchina katika karne ya tisa. Alikuwa Mjapani, lakini shajara yake aliiandika kwa Kichina. Msomi wa Japani asiyejua Kichina asingeweza kuufungua hata ukurasa mmoja wa kitabu hicho. Sharti lililoonekana kama mzigo lilikuwa ufunguo wa mlango.

Mwaka 1941 Elisséeff na Reischauer walitoa kitabu cha Kijapani cha kwanza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kitabu hicho kilimwingiza mwanafunzi katika mwandiko wa Kijapani wenyewe, kana na kanji, tangu mapema, na lengo lake kuu lilikuwa kusoma. Kwa mtu anayekusudia kuifikia shajara ya Ennin, njia hiyo ilikuwa sahihi. Lakini mwaka huohuo wakaja wanafunzi wenye safari nyingine.

Vita na mabishano juu ya kitabu

Mnamo Oktoba 1941, vita kati ya Marekani na Japani vikiwa vinanukia, jeshi la majini la Marekani lilifungua mafunzo ya haraka ya Kijapani katika Harvard na katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Jeshi halikuhitaji wafasiri wa watawa wa karne ya tisa. Lilihitaji vijana ambao baada ya takribani mwaka mmoja wangeweza kuzungumza na mateka, kusoma barua iliyookotwa mfukoni mwa askari, na kusikiliza redio.

Maofisa walichagua vitabu vya Naganuma Naoe. Huyu alikuwa mwalimu wa Kijapani aliyewafundisha maofisa wa balozi za kigeni mjini Tokyo, na alikuwa amefanya kazi na Harold Palmer, Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1922 kurekebisha ufundishaji wa Kiingereza. Palmer alisisitiza kwamba lugha ianzie katika sikio na ulimi. Naganuma aliitumia mbinu hiyo katika Kijapani: mwalimu anasema, mwanafunzi anasikia, anajibu, kisha ndipo anasoma, na kusoma kwenyewe kunakwenda sambamba na kusema.

Elisséeff alikipendelea kitabu chake na utaratibu wake. Pande mbili hazikuafikiana, na mafunzo ya jeshi hayakudumu Harvard. Mwaka 1942 watu wenye asili ya Kijapani walipohamishwa kwa nguvu kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, mafunzo ya Berkeley nayo yalihamia Boulder, katika Chuo Kikuu cha Colorado, ili walimu hao wapate kuendelea na kazi. Ni jambo la kuhuzunisha na la kufikirisha: serikali iliyowafungia makambini maelfu ya watu wa asili ya Kijapani ndiyo iliyowategemea baadhi yao kufundisha lugha yao. Huko Boulder madarasa yalikuwa ya watu wachache, masomo yalikwenda siku sita kwa juma, na kila Jumamosi palikuwa na mtihani.

Mtu angedhani kwamba shule ya haraka namna hiyo ingetoa wakalimani tu. Haikuwa hivyo. Kutoka mafunzo ya jeshi hilo walitoka Donald Keene na Edward Seidensticker, ambao baadaye walikuwa miongoni mwa wafasiri wakubwa wa fasihi ya Kijapani. Seidensticker alitoa mwaka 1976 tafsiri kamili ya Hadithi ya Genji, utungo wa takribani miaka elfu moja iliyopita. Walianza kwa ulimi, wakafika kwenye matini za kale. Mlango haukuwa mmoja.

Keene alikwenda Harvard baada ya vita, mwaka 1947, kusoma kwa Elisséeff, na mihadhara ya mzee huyo haikumridhisha. Alimkuta akisoma maandishi yake ya zamani, yaliyojaa habari na tarehe. Wengine waliomjua walimkumbuka kuwa msimulizi hodari wa visa vya Tokyo ya ujana wake. Twaona basi kwamba ile nusu ya pili ya elimu yake haikumtoka. Ilikuwamo katika mazungumzo yake, lakini haikuwa na nafasi katika mhadhara wake wala katika masharti yake.

Masharti yanarekebishwa

Baada ya vita mambo hayakurudi yalivyokuwa. Tangu mwaka 1939 Reischauer na mwenzake John Fairbank walikuwa wamekwisha kuanza kufundisha Harvard historia ya Asia ya Mashariki kwa wanafunzi wa kawaida ambao hawakukusudia kuwa mabingwa wa matini. Wanafunzi hao walilipachika somo hilo jina la utani la mashamba ya mpunga. Huko Yale, Bernard Bloch na Eleanor Jorden walitoa kitabu cha Kijapani cha kusema, kilichotungwa wakati wa vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jorden akatoa kingine kilichotumika sana vyuoni. Katika vitabu hivyo mwanafunzi alitakiwa kwanza aseme. Hapo napo palizuka lawama kutoka upande wa pili, kwamba mwanafunzi anasema vizuri lakini mwandiko wa Kijapani umechelewa mno kumfikia. Hivyo ndivyo masharti yanavyokwenda: kila rekebisho huziba pengo moja, na lisipoangaliwa hufungua jingine.

Elisséeff aliuacha ukurugenzi mwaka 1956. Aliyeshika mahali pake ni Reischauer, ambaye kuanzia mwaka 1961 hadi 1966 alikuwa balozi wa Marekani nchini Japani. Mzee alirudi Paris mwaka 1957, akafariki huko mnamo Aprili 1975, akiwa na umri wa miaka themanini na sita.

Mafunzo kwa mwalimu

Tumeyasimulia maisha haya kwa sababu tunaamini kwamba yanaeleza kosa ambalo sisi nasi tulilitenda. Kwa maoni yetu, Elisséeff hakuidharau lugha iliyo hai. Mtu aliyekaa kwa Soseki kila Alhamisi hawezi kuidharau. Tunaona kwamba alipoweka masharti aliyaandika yale yaliyokuwa magumu kwake na yaliyotahiniwa; yale aliyoyapata bila kutahiniwa aliyahesabu kuwa yatakuja yenyewe. Lakini yalimjia yenyewe kwa sababu alikuwa Tokyo, kijana mwenye fedha na wakati. Mwanafunzi wake wa Massachusetts hakuwa na kabuki mtaani, wala hakuwa na nyumba ya Soseki ya kuendea. Kilichokuwa nusu ya elimu kwa mwalimu kikawa pengo kwa mwanafunzi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Wakufunzi tulioketi katika kikao kile, wengi wetu tulilelewa kwa hadithi, vitendawili na methali za jioni. Tukadhani kila mwanachuo anakuja navyo. Wanachuo wetu wa leo, baadhi yao wamekulia bwenini tangu wadogo, na wengine wamejifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Jioni zile hawakuzipata.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu kwa wenzetu watakaoyapitia masharti ya lugha yoyote. Kwanza, kila mkufunzi kabla ya kusema lolote aandike katika karatasi mambo aliyoyapata nje ya darasa, kisha aulize kama wanachuo wake wana njia ya kuyapata. Asipoiona njia hiyo, jambo hilo liingizwe katika saa za masomo na litahiniwe. Pili, sharti gumu lisiondolewe kwa sababu ya ugumu wake tu. Liulizwe kwanza linafungua mlango gani, kama Kichina kilivyoifungua shajara ya Ennin. Tatu, wanaohitimu wasipimwe wote kwa safari moja. Mwalimu wa watoto wa darasa la pili na mchunguzi wa mashairi ya kale wote wanahitaji lugha, lakini hawaihitaji kwa mpango mmoja.

Katika kikao kilichofuata tulipendekeza saa za masimulizi zirudishwe, na mwanachuo atahiniwe kwa kusimulia mbele ya watoto hasa, wala si mbele ya wakufunzi. Saa zimerudishwa nusu. Mtihani huo bado unabishaniwa, kwa hoja kwamba ni vigumu kuutolea alama. Hoja hiyo tunaikubali kuwa ni ya kweli. Lakini ugumu wa kulipima jambo haukupata kuwa ushahidi kwamba jambo hilo halina haja ya kufundishwa.